Mguu wa Sophia

Alhamisi Kuu, katekista kutoka Zinga alituletea beseni gerezani. Akaagiza kila mmoja amwoshe jirani yake mguu, kisha aubusu.

Mimi, niliyekuwa nikisubiri ubatizo wa Pasaka, nilipangiwa Sophia, mfungwa mwenzetu, nyapara wa selo aliyekuwa akinilaza ubavuni mwa ndoo ya choo.

Kidonda cha mguuni mwake kilikuwa wazi, kinachuruzika usaha. Kilinuka kama samaki aliyeoza. Nikaziba pua.

"Ehe, mwali wa Yesu!" alinicheka. "Naye aliziba pua?"

Nikauondoa mkono puani. Nikaosha. Usaha ukaniteleza vidoleni. Nikainamisha mdomo.

Sophia akauvuta mguu.

"Basi, mwenzangu," alinong'ona. "Acha. Mguu unanuka."

Nikaushika kwa mikono miwili.