Msiba wa Mjerumani

Mzee Ottmar, yule Mjerumani aliyeanzisha gazeti la mji, alikuwa anapanga herufi za tangazo la kifo cha mama yake. Yaani ameshachapa vifo vya mji mzima, lakini leo vidole vinamgomea kabisa!

"Msiba uko wapi?" akauliza Tunu, fundi wa mtambo wake.

"Ujerumani."

"Sasa huko sisi tutafikaje? Tangazo lazima liseme msiba uko wapi, Mzee."

"Hapa sina ndugu, Tunu. Nani atakuja? Acha hivyo hivyo."

Akaenda kunawa wino. Tunu akaongeza mstari mmoja, akawasha mtambo.

Kesho yake asubuhi Ottmar anafungua ofisi, anakuta watu wamejaa barazani! Wana mikeka, masufuria, gunia la mkaa.

"Ulitaka ufiwe peke yako?" akafoka muuza maandazi. "Pole, Mzee. Haya, tupishe. Na hiyo mashine yako leo inyamaze."

Wakasukuma mabunda ya karatasi ukutani, wakatandika. Ottmar akabaki kasimama katikati, viatu mkononi, hajui akae wapi. Tunu akasogea kidogo, akaupigapiga mkeka kwa kiganja, hapo pembeni yake.