Masikio Yaonekane

"Dada Sabra, hizi picha za zamani nizihamishie kwenye mfumo mpya au nizifute?" fundi wa kompyuta aliuliza.

Sabra alisita. Kina mama wa Mafiga walipovua ushungi studioni kwake ili masikio yaonekane kwenye pasipoti ya Hija, aliwaahidi kuwa akishachapa tu anafuta. Kila jioni alijiambia kesho.

"Futa zote. Usizifungue," alisema, lakini fundi alikwishabonyeza, na wanawake vichwa wazi wakajaa kwenye kioo.

Sabra alivua mtandio wake mwenyewe akaifunika kompyuta. Nywele zake zikabaki nje mbele ya kijana wa watu.

Fundi alikuwa ameshainamisha macho.

"Mama alituambia ulizifuta," alisema taratibu.