Trekta Lisilowaka na Gia

Gladys alimpiga fundi Jovin kofi, bisibisi ikamtoka mkononi ikaangukia kwenye dimbwi la oili.

Ilikuwa kwenye uwanja wa matrekta ya mtumba pale Njoro. Jovin alikuwa ameinama mbele ya gurudumu kubwa la nyuma, anataka kuliwasha trekta jekundu kwa kupiga shoti kwenye stata, ile mota ya kuwashia injini. Ndivyo matrekta ya zamani yanavyowashwa. Swichi ya ufunguo ikifa, bisibisi inatosha.

"Toka hapo," Gladys alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko kofi lake.

Shemeji yake, Kornel, alimwombea radhi. Alimweleza fundi kwamba kaka yake, Theodory, mume wa huyu mama, alikufa mwezi wa tatu kule Kibosho akiwasha trekta hivyo hivyo. Breki ya mkono ilikuwa mbovu, kwa hiyo usiku walikuwa wakiliegesha likiwa na gia. Asubuhi hiyo alisahau kuitoa. Bisibisi ilipogusa, trekta liliruka kama ng'ombe aliyechomwa. Gurudumu lilimpanda miguuni, likapita tumboni, likatokea kifuani, kisha likaenda peke yake likilaza migomba mpaka likagonga ukuta wa zizi. Waliomnyanyua walimfunga kwanza kwa shuka mbili.

Jovin alishika shavu lake.

"Pole, mama," alisema, na alimaanisha.

Baada ya matanga ukoo ulikaa. Wazee walisema mjane asiye na mtoto hawezi kuachiwa kihamba, shamba la migomba la ukoo, peke yake. Kornel akawekwa kuwa msimamizi wa kihamba, wa shamba la mahindi kule tambarare, na wa Gladys mwenyewe. Trekta la marehemu liliuzwa kama chuma chakavu. Jingine lingenunuliwa kwa ng'ombe wa Gladys, kwa hiyo aliruhusiwa kuchagua. Kuendesha ni Kornel.

Kornel alilitaka lile jekundu kwa sababu ya rangi. Gladys alichomoa kijiti cha kupimia oili akamwonyesha. Oili ilikuwa nyeupe kama maziwa. Maji yalishaingia kwenye injini. Akaenda kwenye la bluu, limechoka, halina taa hata moja, kiti kimefungwa gunia. Akakagua oili yake. Akasema liwashwe kwa kusukumwa, akasikiliza injini kwa muda mrefu, akapandisha na kushusha mikono ya kubebea plau.

Akasema hilo ndilo. Lakini kwanza fundi aliwekee vitu viwili: swichi ya ufunguo inayokataa kuwasha kama gia imeingia, na sanduku la chuma la kufunika stata, lichomelewe kabisa, bisibisi isipate pa kupenya.

"Sanduku la nini?" Kornel aliuliza. "Mimi si marehemu. Mimi nina akili."

"Bila sanduku sinunui."

Kornel alimkamata nywele pamoja na kitambaa chake, akamgongesha kichwa kwenye bati la madigadi ya trekta. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Vijana wa bodaboda waliokuwa getini walicheka, mmoja akasema huyo mama bati analitafuta mwenyewe. Mara ya tatu Gladys alitema damu. Hakutema jino, meno ya upande huo yalishatoka zamani.

Jovin aliinua wenzo wa kufungulia matairi, akaukaza mkononi.

"Mwachie. Hapa kwangu humpigi tena."

Kornel alimwachia, akajifuta kiganja kwenye suruali. Alisema anamfundisha tu. Kisha akatoka nje kuvuta sigara, na Gladys akainuka, akamwonyesha fundi kwa kidole mahali hasa pa kuchomelea.

Kazi ilichukua siku sita. Waliporudi, Gladys alipanda kwenye kiti cha gunia, akaingiza gia ya kwanza na kuzungusha ufunguo. Kimya. Ya pili, kimya. Ya nyuma, kimya. Alizijaribu zote, akarudia tena toka mwanzo, midomo yake ikitetemeka kama mtu anayesali. Alipotoa gia, injini iliwaka mara moja, moshi mweusi ukapanda juu ya paa la karakana. Akaizima.

Kornel hakuridhika. Alichukua bisibisi akaichokoa pembeni mwa sanduku, juu, chini. Haikuingia. Akalipiga teke, likamuumiza kidole. Vijana wa getini walicheka tena, safari hii wakimcheka yeye, naye akageuka akamchapa Gladys ngumi ya sikio iliyomtupa hadi kwenye vumbi. Kornel akapanda juu ya trekta, akakaa akiangalia mbele, akisubiri getini pafunguliwe.

Jovin alimwinua Gladys, akamkalisha juu ya rimu kuukuu. Akamletea maji kwenye kopo. Alisubiri anawe uso, ndipo akamuuliza kwa sauti ya chini.

"Anakupiga hivi, na bado unamwogopea asife?"

"Namwogopea," Gladys alisema. "Namwogopea sana."

Theodory hakuwa amesahau gia asubuhi ile. Aliitoa kama siku zote, akaingia ndani kufuata bisibisi, na Gladys, damu ikimchuruzika mdomoni, akapanda akairudisha.