Mgomba wa Kwanza Kwenye Hifadhidata

Ukungu wa kijiji chetu cha Kaagya ulikuwa umefika barazani kompyuta iliponiambia tayari. Nilikuwa nimechagua hifadhidata ndogo inayokaa kwenye faili moja, maana ndiyo pekee niliyoielewa. Tungeandika kila mgomba wa kibanja, shamba letu linalozunguka nyumba, tujue ugonjwa wa mnyauko umefika wapi, tung’oe iliyougua.

“Tuanze na upi, Mama?”

Akaenda kuugusa ule wa mbele ya baraza. Jani lake, la njano mpaka kwenye uti, lilimdondoshea maji begani, polepole.

“Huu.”

“Ulipandwa lini?”

“Wiki tuliyomzika baba yako. Hapa, miguuni pake.”

Nikaandika. Kikabaki kisanduku cha mwisho: ubaki, au ung’olewe.

“Dativa, mashine inasemaje?”

Kisanduku kilikuwa bado kitupu.

“Inasema ubaki.”