Mlango wa Wawili Wawili

Jirani wa Zawena na mumewe Hamduni, Mama Tunu, anadai kwamba yeye na marehemu mumewe waliingia mlango mwembamba wa ngome ya mlimani wakiwa wamenuniana, wakatokea upande wa pili wanacheka. Mlango huo haupitiki sambamba. Wawili sharti wageukiane, kifua kwa kifua.

Ndiyo maana Zawena alimganda mumewe mpaka akakubali. Hamduni ni mwongoza watalii, kazi yake ni kupandisha wapenzi wa watu huko kila siku, ila mkewe hajawahi kumpeleka.

"Upande wetu wa kulia," Hamduni alianza walipofika kwenye ngazi za mawe, "tunaona kisima cha kale."

"Hamduni, kisimani humo nimechota maji tangu utotoni."

"Tahadhari, mawe yanateleza. Tusiachane sana."

"Unawaambia kina nani? Niko peke yangu, baba!"

Akacheka, akaomba radhi, kisha akaanza habari za ukuta. Zawena alishusha pumzi. Hata nyumbani siku hizi ndivyo alivyo: humwuliza kama amelala salama, na kabla hajajibiwa ameshatazama kando.

Mlangoni, Hamduni alipenya kwanza kama alivyozoea, akageuka na kunyoosha mkono.

"Karibuni, wawili wawili!"

Zawena alibaki kizingitini. Nyuma yake walishafika kijana na mchumba wake, wakingoja zamu.

"Rudi huku, mume wangu," alisema. "Rudi tupite sote wawili, kifua kwa kifua."

Hamduni alimtazama, akawatazama wale wachumba, mkono wake ungali umenyooshwa.