Kuku wa Kuvunja Haya

Okito alikuwa anafinyanga tonge la ugali wakati miguu miwili yenye bangili za shaba ilipoingia chumba cha kulia. Tonge likamponyoka. Miguu ile aliijua: ilikuwa ya mama mkwe wake.

Akajifunika uso kwa kofia yake ya zamani ya kazi ya reli. Miaka yote ya ndoa, na hata baada ya kumzika mke wake, hakuwahi kumtazama mama huyo usoni wala kula mbele yake. Ni mwiko.

"Okito, kula!" alifoka mtawa aliyesimamia nyumba ya wazee. "Hapa meza ni moja. Asiyeitaka arudi kwao."

Kwao Kailo hakukuwa na ndugu aliyebaki. Hata hivyo akainuka.

"Mukwe wangu, kaa," ikasema sauti ya mama. Kitu kilipapatika chini ya kitenge chake: kuku mzima, amefungwa miguu. "Nilisikia uko hapa, nikamubeba toka kijijini kwetu. Huyu njo kuku wa kuvunja haya. Ukimupokea, mwiko umekwisha, tule pamoja."

Okito akampokea kwa mikono miwili. Mtawa akamvutia mama kiti.

Polepole Okito akavua kofia, akainua macho. Mama alikuwa anatabasamu, na katikati ya meno yake kulikuwa na mwanya ule ule wa marehemu mke wake.