Kifuniko cha Marehemu

Siku hizi sheria inataka harufu ya kila marehemu ihifadhiwe nyumbani kwake ndani ya chupa. Karani alimuuliza Bi Mwanakheri kifuniko cha mumewe kitiwe nini ndani, mpira au sponji.

“Mpira unanuka wenyewe, bibi. Sponji nayo hunyonya harufu.”

“Mwanangu, mimi najua achari tu. Tia hiyo laini.”

Asubuhi ya arobaini alikichemsha kifuniko, kama afanyavyo kwa chupa za achari. Maji yakanukia tumbaku na mafuta ya nazi. Akashangaa, akayamwaga uani.

Wageni walipofika, chupa haikunuka chochote. Akainusa tena na tena.

“Mama, mbona Baba hayumo?” binti yake aliuliza.

Uani, paka wa marehemu alikuwa amejilaza kwenye unyevu, akikoroma kama aliyepakatwa.